Bibi wa Gitting aliyeisikia mashine kabla haijalia

Wakuu, salaam. Na dada zangu mnaosoma humu kimyakimya bila kukomenti, nanyi nawaona.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika naandika mara moja moja. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na watu wa nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Haya yalitokea. Ndani yake kuna uongo mmoja tu, na huo nilimwambia bibi mmoja kule Gitting nikiwa nimemshika mkono. Tukifika hapo nitawaonyesha. Majina nimebadilisha.

Mimi ni nesi, mwanamke, mzaliwa wa Mbulu. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi miaka kadhaa, kisha nikarudi shule kusoma shahada ya pili. Waliopita huko wanajua raha yake. Unakuwa mtu mzima mwenye watoto, unamwogopa supervisor kama mwanafunzi wa darasa la nne.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya familia zinazomuuguza mtu nyumbani kwa mashine. Zamani mgonjwa wa oksijeni alikaa wodini mpaka mwisho wake. Siku hizi wapo wanaoruhusiwa kurudi nyumbani na mashine yao. Mke au mama anafundishwa nusu siku, basi, kesho yake ni nesi wa ICU kwenye chumba chenye magunia ya mahindi na jembe nyuma ya mlango.

Nilitaka kujua wanaishije na hivyo vitu.

Nikapanga chumba Katesh, nikawa natoka kwenda kwenye familia chache za Hanang na Mbulu kwa bodaboda. Vumbi nililokula ningeweza kujengea.

Kabla sijafika Gitting niwape kisa kidogo cha Dirma, mtaona baadaye kwa nini.

Kule Dirma kuna familia ya wafugaji, mzee wao analishwa kwa mpira wa puani. Usingizini alikuwa anauvuta unatoka. Wanawe wakafunga kengele ya ng'ombe kwenye mpira ule, ile ndogo ya ndama. Mzee akigusa tu, kengele inalia, mtu anaamka. Hakuna aliyewafundisha.

Nilifurahi mpaka nikapiga picha. Kwenye daftari langu nikaandika: ubunifu wa familia.

Haya, Gitting.

Mgonjwa nitamwita Baba Neema. Alifanya kazi machimboni miaka mingi, vumbi la mawe likamla mapafu. Alikuwa hajafika hamsini, lakini akitoka kitandani mpaka mlangoni anahema kama amepanda mlima wote wa Hanang. Binti yake Neema yuko shule ya bweni. Nyumbani alikuwa na mkewe, Mama Neema, na mama yake mzazi, Bibi Martha.

Mama Neema ndiye aliyekuwa analima, anakamua, anakwenda gulioni. Kwa hiyo mchana wote aliyekaa na mgonjwa ni Bibi. Na Bibi macho yalikuwa karibu yamekwisha, mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi.

Najua mnawaza nini. Hata mimi niliwaza hivyo hivyo. Lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Nilimfundisha mwenyewe kwa kumshika mikono, na mara ya tatu aliniambia nimwache afanye peke yake. Akafanya bila kukosea.

Niwaeleze mashine kwa ufupi. Ni boksi lenye magurudumu, kimo kama ndoo ya lita ishirini. Linavuta hewa ya chumbani, linachuja, linatoa oksijeni kwenye mpira unaoingia puani. Linaunguruma muda wote kama friji la dukani. Umeme ukipungua nguvu, oksijeni inapungua, taa nyekundu inawaka na mashine inapiga kelele, piii, piii. Hapo mwangalizi ahamishie mpira kwenye mtungi mdogo wa akiba mpaka umeme utulie.

Mimi niliongeza vitu viwili vya utafiti. Kipimo cha kidoleni kinachohifadhi kiwango cha oksijeni cha mgonjwa mchana na usiku, na kitufe kidogo kama rimoti ya gari. Ukibonyeza, kinahifadhi saa uliyobonyeza. Kitufe nikampa Bibi.

Nikamwambia hivi, na naomba mkumbuke maneno yenyewe:

"Bibi, ukisikia mashine inalia, usingoje mtu. Bonyeza hiki, nenda kwa mwanao, hamisha mpira, fungua mtungi."

"Mashine ikilia naenda," akasema.

"Ndiyo Bibi."

"Hata kama nakula?"

"Hata kama unakula."

Akakifunga kile kitufe kwenye pindo la shuka yake kama mtu anayefunga ufunguo wa stoo.

Siku ile ile nikajaza fomu yangu ya ukaguzi. Mashine safi, ndiyo. Mtungi umejaa, ndiyo. Kelele ya tahadhari inafanya kazi, ndiyo. Niliijaribu kweli, ikalia vizuri. Nikaondoka nikiwa najiona mtu wa maana sana.

Baada ya wiki mbili nikaenda kuchukua data. Nikarudi Katesh, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba changu, ilikuwa saa kumi jioni hivi, upepo wa mlimani unapeperusha mabati ya jirani. Nikafungua laptop.

Mstari wa oksijeni wa Baba Neema ulikuwa unakwenda vizuri, kisha kila alasiri unashuka kidogo, halafu unapanda mtungi ukishafunguliwa. Mpaka hapo sawa, nikajua umeme wa alasiri unasumbua.

Nikaweka juu yake alama za kitufe.

Zote zilikuwa upande wa kushoto wa mshuko. Yaani Bibi alikuwa anabonyeza, zinapita dakika tatu, nne, ndipo oksijeni ya mwanawe inaanza kushuka. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Kila siku isipokuwa Jumapili, ambayo hakubonyeza na oksijeni haikushuka.

Wakuu, mimi ni mtu wa vipimo. Ukiniambia kuna jini nitakuuliza lina presha ngapi. Lakini pale niligeuka kutazama nyuma yangu mchana kweupe.

Nilikagua saa za vifaa vyote viwili, zilikuwa sawa. Nikamtumia supervisor picha ya graph. Akajibu: kosa la saa, rudia. Nikarudia wiki nzima.

Ikatoka vile vile. Mwanamke asiyeona, amekaa kwenye kigoda, anajua mwanawe atakosa hewa kabla hewa haijapungua.

Niliporudi Gitting, Mama Neema hakuningojea ndani. Alinipokea huku barabarani, akanibebea mkoba, akanipitisha kando ya shamba la ngano ambako hakuna njia. Nikajua ana neno.

"Nesi, ule mkono wa Bibi uuondoe kwenye kile kitu."

"Kwa nini, Mama Neema?"

"Akibonyeza ndipo baba Neema anashuka. Si kwamba anashuka ndipo anabonyeza. Nimekaa mlangoni siku tatu, nimehesabu. Mimi sikusoma sana lakini kuhesabu najua."

Na kwenye begi langu nilikuwa na graph inayosema maneno hayo hayo.

Akaniambia majirani nao wameanza. Wanasema kuna watu wa umri ule wanaoishi kwa pumzi ya watoto wao. Yeye hataki kuamini, Bibi amemlea kama mama yake, lakini usingizi umemwisha. Alikuwa amepanga Bibi ahamishiwe kwa mwanawe mwingine kule Basotu. Baba Neema alipoambiwa alilia, akasema mama yake akiondoka na yeye aondolewe mpira.

Sasa hapo mnaelewa kilichokuwa mezani. Mnajua pia bibi wa macho mekundu akishasemwa vile, mambo huwa yanaishia wapi. Nilimwomba Mama Neema anipe siku mbili.

Siku ya kwanza nikakaa chumbani tangu mchana. Shikamoo Bibi, marahaba mjukuu, habari za Mbulu, nzuri. Nikakaa kwenye gunia, yeye kwenye kigoda chake karibu na kichwa cha kitanda. Baba Neema anasinzia. Mashine inaunguruma. Nje kuku tu.

Saa tisa ikawa inakaribia. Natazama taa ya kijani ya mashine, natazama kipimo cha kidoleni. Kila kitu kizuri.

Bibi akainua uso. Akanyoosha kidole juu kama mtu anayetaka watoto wanyamaze.

"Mashine inalia," akasema.

Nikatazama mashine. Taa ya kijani. Mngurumo ule ule. Hakuna piii wala chochote.

"Bibi, mbona hailii?"

"Inalia."

Akabonyeza. Akainuka polepole, akapapasa ukingo wa kitanda, akaufuata mpira kwa vidole, kisha akautafuta mtungi, hana haraka. Mimi nimekaa kwenye gunia sijatikisika.

Nikahesabu moyoni. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha balbu ya chumbani ikafifia ikawa kama kaa la moto, taa nyekundu ikawaka, na mashine ikaanza, piii, piii, piii.

Bibi hakugeuka, alihamisha mpira, akafungua mtungi, akakaa ameshika mguu wa mwanawe. Kwake hiyo ilikuwa habari ya zamani.

Nilitoka nje. Nilisali, nasema kweli, mimi ambaye kanisani naenda Pasaka na Krismasi. Nilikuwa namwogopa bibi wa watu mwenye uzito wa gunia la pumba.

Siku ya pili nikaamua nisikae ndani. Nikakaa uani, mbali na ule mngurumo, nikisubiri saa tisa na mikono imefumbata simu.

Na hapo nikasikia. Mbali, ng'ambo ya korongo, nyuma ya mikaratusi ya kanisa. Sauti nyembamba inaanza chini inapanda, wuuuuu, mkanda unapiga, pa, pa, pa.

Mashine ya kusaga.

Ndani, kupitia dirishani, nikamsikia Bibi: "Mashine inalia."

Wakuu, nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi. Hivi kijijini ukisema "mashine", unasema nini? Unamtuma mtoto mashine. Umekutana na fulani mashine. Mashine leo inalia, wahi kabla foleni haijawa ndefu. Hakuna mashine nyingine duniani. Lile boksi la hospitali kwa Bibi lilikuwa "dawa ya hewa". Mimi nilikuwa nimemwambia ukisikia mashine inalia nenda kwa mwanao, na yeye alikuwa anakwenda, kila siku, bila kuuliza kwa nini.

Na kwa nini oksijeni ilishuka baadaye? Nilivuka korongo nikaenda kutazama. Mwenye mashine anaamkia shambani, kwa hiyo anawasha saa tisa. Anaiacha izunguke tupu kidogo huku anapima debe la mtu wa kwanza. Mahindi yakishamwagwa, mota inabebeshwa mzigo, inakula umeme wote wa mtaa ule. Jumapili hafungui.

Basi. Kila kitu kikakaa mahali pake. Bibi na masikio yake ya asiyeona alikuwa anasikia juu ya ule mngurumo kitu ambacho mimi mwenye macho sikukisikia.

Jioni nikawakalisha wote, nikaeleza. Mama Neema aliinamisha kichwa, akaenda akapiga magoti mbele ya Bibi. Bibi akamshika kichwa. Habari ya Basotu ikaishia hapo, na majirani nikawapitia mmoja mmoja nikawachekesha.

Lingeishia hapo huu ungekuwa uzi wa kuchekesha, ningeuweka jukwaa lingine.

Lakini data yangu, jamani. Kitufe kilitakiwa kihesabu kelele za mashine ya oksijeni, siyo za mashine ya kusaga. Supervisor angenichana. Kwenye daftari nikaandika: kosa la familia katika kuelewa maelekezo, limerekebishwa.

Oneni. Dirma niliandika ubunifu. Gitting nikaandika kosa.

Nikakaa na Bibi, nikamwekea mkono wake juu ya boksi.

"Bibi, mashine ninayosema mimi ni hii ndogo. Ile kubwa ya kusaga achana nayo, siyo yenyewe. Usiinuke kwa ile. Subiri hii ndogo ilie."

Nikaizima na kuiwasha ili asikie piii yake.

"Lakini ile kubwa inatangulia," akasema.

"Najua Bibi. Ila subiri ndogo."

Kisha akasema kama kawaida ya watu wa kule mbele ya mtu wa hospitali: "Wewe ndiye daktari."

Mimi si daktari. Sikumsahihisha kwa hilo.

Wiki zilizofuata data ilikuwa nzuri ya kupeleka kwenye maonyesho. Oksijeni inaanza kushuka, ndogo inalia, Bibi anabonyeza, anahamisha mpira, oksijeni inapanda. Baba Neema alikuwa anashuka zaidi kidogo kuliko zamani kabla ya kuokolewa, lakini niliona ni sawa. Niliahidi kumtafutia stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, na kweli nilikuwa naitafuta. Taratibu.

Kila nilipotembelea nilijaza ile fomu. Mashine safi, ndiyo. Mtungi umejaa, ndiyo. Kelele ya tahadhari inafanya kazi, ndiyo. Hilo la tatu nililijaribu siku ya kwanza, na siku ile ya kumsikilizisha Bibi piii ya ile ndogo. Siku nyingine zote nilinakili tu kutoka ukurasa wa nyuma. Naandika hapa kwa sababu kwenye ripoti niliandika kwa lugha ya kitaalamu, hapa nataka niseme kama lilivyo.

Yakaja mavuno. Kila nyumba ina mahindi, foleni ya mashine inatoka nje mpaka barabarani. Mama Neema anashinda shambani, roho yake imetulia, Bibi yupo na mwanawe.

Alinipigia jioni moja nikiwa Katesh sokoni. Hakulia. Alisema, "Nesi, baba Neema ametuacha," kisha akaniuliza kama aiache mashine inaendelea au aizime.

Nilipofika kesho yake walikuwa wameshaizima. Aliniambia alivyokuta. Mashine inaunguruma kama siku zote. Taa nyekundu inawaka. Lakini hakuna piii. Bibi amekaa kwenye kigoda chake, ameshika mguu wa mwanawe, anasikiliza.

Fundi wa vifaa vya hospitali aliifungua baadaye. Kidude cha sauti kilikuwa kimekufa. Taa inawaka, sauti haitoki. Mtu anayeona angeona.

Na mtu anayepungukiwa oksijeni taratibu hapigi kelele, hata wale ambao si watu wa afya wajue hilo. Anasinzia tu.

Nilichukua kipimo cha kidoleni. Niliogopa kukifungua siku kadhaa. Nilipofungua niliuona mstari unaanza kushuka dakika chache baada ya saa tisa, unashuka polepole sana, haupandi. Hakuna alama ya kitufe hata moja.

Lakini kabla ya hapo Bibi alikuwa ameshaniambia mwenyewe, siku ile ile ya kufika, nilipoinama kumsalimia. Hakunilaumu. Alikuwa anatoa taarifa, kama nilivyomfundisha.

"Ile kubwa ililia," alisema. "Nikainuka. Nikashika kitanda. Nikakumbuka umesema siyo yenyewe. Nikakaa nisubiri ndogo."

 

Nilirudi siku ya tatu baada ya mazishi. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amefunga kwa heshima ya msiba, watu wanapeleka mahindi kijiji cha pili. Mashine ya oksijeni ilikuwa Katesh kwenye stoo ya hospitali, niliisindikiza mwenyewe. Umeme nao ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Nilikwenda kutoa pole, na pia kuchukua kitufe, kwa sababu ni mali ya mradi. Bibi alikuwa chumbani peke yake, kwenye kigoda, pale pale. Kitanda kimetandikwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikakaa kwenye gunia langu la siku zote.

Nje wanawake wanaosha masufuria, wakamaliza wakaondoka. Kukawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia katika chumba kile, kwa sababu siku zote mngurumo ulikuwepo.

Nilikuwa natafuta namna ya kuomba kitufe. Nikatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kadhaa.

Bibi akainua uso. Akanyoosha kidole juu.



"Inalia," akasema.

"Bibi, ile ya kusaga imefungwa. Leo haijawashwa."

"Siyo ile." Akafungua pindo la shuka, akatoa kitufe, akabonyeza. "Hii ndogo. Ulisema nisubiri ilie. Sasa inalia."

Akainuka. Akapapasa ukingo wa kitanda kitupu. Mikono yake ikatafuta mpira pale unapokaaga, ikaenda ilipokuwa mtungi, ikakuta ukuta. Akasimama hivyo, ameegemea ukuta, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesikiliza jambo mbali.

"Umeisikia na wewe?" akaniuliza.

Nilikwenda nikamshika mkono.

"Nimeisikia, Bibi," nikasema.

Uongo niliowaahidi ndio huo.

Nilimkalisha. Kitufe sikukichukua. Kwenye karatasi za mradi nimeandika kimepotea, na kama supervisor yuko humu, basi ndiyo hivyo, ajue.

Utafiti niliumaliza. Ile sentensi ya "kosa la familia" nimeifuta, nimeweka nyingine inayosema kosa lilikuwa la mtafiti, ambaye alikuta kinga inayofanya kazi akaivunja kwa sababu haikufanana na fomu yake. Supervisor alisema si lugha ya kitaaluma. Nikamwambia aiache.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta anafanya kitu tofauti na ulivyomfundisha, na mgonjwa yuko hai, kaa chini kwanza. Uliza neno ulilomwambia kwake lina maana gani. Usikimbilie kumsahihisha. Na kitu kinachotakiwa kujaribiwa, jaribu kila siku kama ndiyo ya kwanza, usinakili jana.

Wenye wagonjwa wa mashine nyumbani, hasa wa huku kwetu, naomba mseme mnavyoishi nazo. Mna njia zenu gani ambazo wataalamu wamewakataza? Na manesi wenzangu, kama kuna mtu mlimsahihisha mkajuta, hapa si mahali pa kuchekana.

EDIT: Wawili mmeniuliza inbox kama Bibi bado anabonyeza. Nilipita mwezi uliopita. Yupo kwa Mama Neema, wanaelewana sana, amekonda. Bado anabonyeza, kila siku, na Jumapili pia.

Na yule aliyeuliza kama kweli sikusikia chochote siku ile. Nimeandika hapo juu kwamba ulikuwa uongo, na nilipousema nilikuwa na hakika ni uongo. Ila nikiwa zamu mchana, nikifika saa tisa, naacha ninachofanya na kuzunguka vitanda vyote, natazama taa moja moja. Wenzangu wananiuliza nimesikia nini.

Huwa nawaambia wasubiri kidogo.